Mtaro Huu ni wa Nani?

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi wakazi wa Nakuru bahari tunaisikia tu redioni, lakini ukweli wa methali hiyo tumeuona kwenye mtaro mmoja wa maji ya mvua, wenye upana wa hatua mbili hivi, unaopita mbele ya nyumba zetu ukiteremka kuelekea ziwani. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikiuliza mtaro huu ni wa nani. Jibu nimelipata, msomaji, tena limo katika Katiba. Kilichonichukua muda ni kuelewa kwa nini jibu hilo halizibui mtaro.

Nianze na huu ujiji wetu. Tarehe 1 Desemba 2021, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alikuja hapa akatukabidhi hati ya kuwa jiji. Tukawa jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na Eldoret ikatufuata Agosti 2024. Mtaani kwetu watu walipongezana siku hiyo kana kwamba kila boma limejaliwa mtoto. Mwenye nyumba mmoja alisema kwa mzaha kwamba kodi ya nyumba ya jijini haiwezi kuwa sawa na ya mjini. Mwezi wa pili uliofuata wapangaji wake waligundua kwamba hakuwa akitania.

Jiji lenyewe ni dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 500,000 hapa, nao mtu mwenye miguu mizuri akitoka Section 58 asubuhi atafika Kaptembwo kabla ya chakula cha mchana, tena akiwa amesimama njiani kuwasalimu watu anaowafahamu. Ni mahali ambapo karani wa ofisini na mwuza viazi huabudu katika kanisa moja, na watoto wao husoma darasa moja. Kwa sababu hiyo mtu angedhani kwamba jambo dogo kama la mtaro lingemalizwa kwa mazungumzo ya barabarani baada ya ibada.

Asiyeifahamu Nakuru ni vyema aelewe jinsi ilivyokaa. Upande wa kaskazini iko Menengai, mlima uliotumbuka zamani ukabaki shimo kubwa, na upande wa kusini liko ziwa. Sisi tumo katikati, kwenye mteremko. Udongo wetu ni wa majivu ya volkeno, mwepesi, usioshikana. Wakati wa kiangazi hupeperuka hadi kwenye sufuria za mboga na wakati wa mvua huyeyuka ukasafiri na maji. Mvua ikinyesha huko juu, maji hayana pa kwenda isipokuwa kupitia kwetu. Nalo Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Chochote kinachoingia humo, iwe chupa ya plastiki, iwe kiatu, iwe uchafu wa choo kilichofurika, hubaki humo humo pamoja na ndege ambao watalii hutoka ng'ambo kuja kuwatazama. Ziwa hilo liliwekwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu mwaka wa 1990, na mwaka wa 2011 likatambuliwa na UNESCO kuwa sehemu ya urithi wa dunia. Mimi husema kwamba mtaro wetu ni mlango wa nyuma wa urithi wa dunia.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu kutoka shirika la reli, anaikumbuka siku mtaro huo ulipokuwa mpya. Anasema ulijengwa na baraza la manispaa, kwa mawe ya kuchongwa, na kwamba kila mwaka kabla ya masika kulikuwa na kikosi cha wafanyakazi wa baraza walioshuka nao wakiwa na sepetu na wilbaro, wakizoa mchanga na majani hadi kule chini. "Tulikuwa tunajua kwamba mvua i karibu kwa kuwaona wale watu, kijana wangu, si kwa kutazama mawingu," huniambia. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo Nakuru ilisifiwa kuwa miongoni mwa miji safi zaidi katika Afrika Mashariki, na wazee wetu hawachoki kulitaja jambo hilo.

Hata hivyo sitaki tuote ndoto za baraza. Nakuru ilifanywa manispaa mwaka wa 1952, na wengi wetu tuliozaliwa baada ya uhuru tuliyaona mabaraza ya madiwani yalivyozeeka. Meya alichaguliwa na madiwani wenzake wala si na wananchi. Karani wa mji hakuajiriwa na madiwani hao, na waziri wa serikali za mitaa jijini Nairobi angeweza kuingilia karibu kila walichokiamua. Miaka ya tisini mabaraza mengi nchini yalikuwa yakikaa miezi bila kulipa mishahara, taka zikirundikana sokoni huku wafanyakazi wakigoma. Mtoto wa mtaani kwetu alimjua askari wa kanjo kabla hajamjua mwalimu. Mabaraza hayo yalipofikia mwisho baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kaunti 47 zikaanza kazi, na sikumwona mtu aliyelia.

Lakini katika ubovu wake wote baraza lilikuwa na jambo moja jema: lilikuwa moja. Mtu aliyetaka kulalamika kuhusu taa ya barabarani, ng'ombe aliyekufa, maji au mtaro alijua ni jengo lipi. Huenda asingesaidiwa, huenda angezungushwa na kuambiwa arudi kesho, lakini angalau alikuwa akizungushwa ndani ya ua mmoja.

Masika ya 2024 yalikuja na mvua ambayo Wakenya hawataisahau upesi. Chini ya mtaro wetu, mahali unapopita chini ya barabara, kuna mabomba mawili ya saruji, kalvati kama wasemavyo mafundi. Bomba moja lilikuwa limeziba zamani kwa udongo, magunia na chupa, kiasi kwamba nyasi zilikuwa zimeota mdomoni mwake. Usiku mmoja mwezi wa Aprili bomba la pili nalo likaziba. Maji yakarudi nyuma, yakapanda, yakaingia kwenye ploti ya vyumba kumi vya kupangisha iliyo upande wa chini.

Katika chumba cha mwisho huishi mama mmoja na watoto wake wawili. Yeye huuza mboga barabarani. Sukuma wiki, nyanya, vitunguu na dengu. Aliamshwa na baridi ya maji mkononi, mkono wake ukiwa umening'inia kutoka kitandani. Aliwasimamisha watoto juu ya meza, akasimama nao gizani maji yakiwa magotini mwake, akipiga ukuta kwa kijiko ili wapangaji wengine waamke. Tulipofika na kurunzi tulimkuta akiwa ameinua juu ya kichwa mfuko wa vitabu vya shule, si godoro wala unga. Mkubwa wake alikuwa anajiandaa kwa mtihani. Godoro lilikwenda, unga ulikwenda, na shilingi alizokuwa amepewa na chama siku iliyotangulia ili anunue mzigo wa nyanya zilipatikana kesho yake zikiwa zimeshikana kama ukurasa wa gazeti uliolowa.

Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia Aprili 29, tulisikia habari za Mai Mahiu, katika kaunti yetu hii hii ya Nakuru. Maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli, kwenye njia ya chini iliyokuwa imezibwa na takataka za mafuriko, yalipasua na kuteremka juu ya watu waliolala. Makumi ya watu walikufa. Pale ndipo mtaro wetu ulipokoma kuwa kero ya harufu. Kila mtu mtaani aliyesikia neno "kuzibwa" alikwenda mwenyewe kulitazama bomba letu, na hakuna aliyerudi akizungumza kwa sauti.

Basi nikaanza kuuliza. Ofisi ya kwanza niliyoingia nilipokewa vizuri na kijana mwenye tai, akaniuliza kama mtaro uko kando ya barabara. Nilipomwambia ndiyo, akafurahi: hilo ni jambo la barabara. Ofisi ya barabara ilitaka kujua kama hiyo ni barabara ya serikali kuu au ya kaunti, na ramani ikaletwa. Tuliiinamia sote watatu. Barabara yetu ilikuwa na rangi ambayo hakuna aliyekuwa na hakika nayo, kwa kuwa karatasi ilikuwa imekunjwa pale pale. Nikaelekezwa penginepo, ambako mama mmoja mpole alinieleza kwamba, kwa jinsi nilivyomsimulia, tatizo si mtaro bali ni taka, na taka ni kazi ya idara ya mazingira. Huko kwenye mazingira nikaambiwa kwamba taka zilizo kwenye pipa au barabarani ni zao, lakini zikishaingia mtaroni zimekuwa sehemu ya mtaro.

Nikuambie ukweli, hakuna hata mmoja kati ya hao aliyenifukuza wala kuniomba kitu kidogo. Kila mmoja alisema kweli kwa kadiri ya dawati lake.

Diwani wetu nilimpata kwa simu, baada ya siku kadhaa. (Kisheria ni mwakilishi wa wadi, lakini nani mtaani humwita hivyo?) Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo wapiga kura wengi hawalijui na wanasiasa wengi hawapendi kulisema wakati wa kampeni. "Ndugu yangu, mimi sina sepetu. Kazi yangu ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia kaunti. Kitu kisipokuwa kwenye mpango, hata nikipiga kelele namna gani, hakina pesa." Wakati huo nilidhani ananikwepa. Nikaenda kuzisoma sheria zenyewe.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Katika sehemu ya kaunti zimo taa za barabarani, barabara za kaunti, masoko, uzoaji wa taka na jaa lake, na halafu, kwa maneno yasiyo na utata, mifumo ya kuondoa maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa. Nililisoma mara tatu. Kwa hivyo mtaro ni wa kaunti, uwe mbele ya duka au mbele ya kanisa. Barabara kuu za kitaifa pekee ndizo ziko mikononi mwa mashirika ya serikali kuu yaliyoanzishwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na hapo ndipo mtaro wa kaunti unapoweza kukutana na kalvati isiyo ya kaunti, maji yasijue kwamba yamevuka mpaka.

Na jiji je? Hapa ndipo wengi wetu tulipokosa kuelewa siku ile ya sherehe. Chini ya Sheria ya Miji ya 2011, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2019 ili mji wenye watu 250,000 uweze kuwa jiji badala ya 500,000, jiji huendeshwa na bodi na meneja. Lakini bodi hiyo huifanyia kazi kaunti. Katiba inagawa fedha kati ya serikali kuu na kaunti. Haina fungu liitwalo la jiji. Jiji hupata kile ambacho Bunge la Kaunti limelitengea, pamoja na ufadhili wa mara moja moja kama ule mpango wa kusaidia miji uliogharamiwa na Benki ya Dunia kuanzia 2017. Kwa maneno mengine, hati ilikuja bila mkoba. Tulipewa jina la mtu mzima tukabaki kuomba nauli kwa mzazi, na mzazi huyo ana watoto wengine wengi: Naivasha, Gilgil, Molo, Njoro, Subukia, na wakulima wa Kuresoi ambao nao wanataka barabara ya kupitisha viazi vyao.

Kilichonifumbua macho zaidi ni kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata kufikia mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti kufikia mwisho wa Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Sasa hebu tazama. Sisi hulalamika kuhusu mtaro mwezi wa Aprili, maji yakiwa mlangoni. Wakati huo makadirio ya mwaka unaofuata yamekwisha kuandikwa, nayo yametokana na mpango uliopelekwa Septemba, mwezi ambao huku kwetu watu huwa wanawaza karo ya muhula wa tatu na vumbi, na mtaro ni mkavu hata watoto wanachezea mpira ndani yake. Mtaro ambao haukutajwa Septemba hauna pesa Julai. Diwani hakuwa akinikwepa.

Nilihudhuria kikao kimoja cha kukusanya maoni ya wananchi. Tangazo lilikuwa gazetini, kwa herufi za kusomewa kwa miwani, na kikao kilikuwa saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Niambie ni mama mboga yupi atakayefunga kibanda saa nne asubuhi Jumanne. Tulikuwa watu thelathini na wanne ukumbini, nami niliwahesabu nikisubiri kianze. Kitabu tulichotakiwa kukitolea maoni kilikuwa na kurasa nyingi za tarakimu, na nakala zilikuwa sita. Mzee wetu wa reli alisimama akauliza mtaro wa mtaa wake uko ukurasa gani. Ofisa akapekua, akapekua tena, akasema kwa adabu, "Mzee, haumo." Mzee akajibu, "Basi niandikie uwemo," akaketi. Watu walicheka, lakini nilimwona ofisa akiandika.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mwananchi haki ya kuiandikia kaunti ombi kuhusu jambo lolote lililo chini yake, na kaunti inapaswa kujibu. Tukaamua kuandika ombi, tukiambatanisha picha na kutaja kifungu cha Katiba. Nilidhani kuandika ndiyo sehemu ngumu. Sehemu ngumu ilikuwa sahihi.

Mtu wa kwanza niliyempelekea karatasi alikuwa yule mama wa chumba cha mwisho. Nani mwingine? Aliipokea, akaisoma polepole akifuata mistari kwa kidole chenye rangi ya mboga, akanirudishia. "Hapana, Baba. Mimi sitatia." Nilidhani hakuelewa, nikaanza kumweleza. Akanikatiza. "Nimeelewa. Sasa wewe elewa. Kibanda changu kiko wapi?"

Kibanda chake, msomaji, kiko juu ya mtaro huo huo. Hatua mia moja hivi juu ya ploti, mbele ya duka la dawa, kuna ubao mzito na vipande vya zege vilivyolazwa juu ya mtaro, na juu yake vimesimama vibanda saba: cha mboga, cha viatu, cha kurekebisha simu, cha chapati na vinginevyo. Chini ya vibanda hivyo ndiko udongo unakoanza kukaa, kwa kuwa hakuna sepetu inayoweza kuingia. Kila mmoja wao hutozwa ada. Mama huyo aliniletea bati la majani ya chai akalifungua. Lilikuwa limejaa risiti za karatasi, za miaka, zimefungwa kwa mpira. Na siku hizi ada ikilipwa kwa simu huhifadhi ujumbe mmoja mmoja wala hafuti. "Wakija na tingatinga nitawaonyesha hizi," akasema. "Wamekuwa wakichukua pesa zangu nikiwa juu ya mtaro. Wataniambiaje kwamba sikuwa hapo?"

Sikuwa na jibu. Maji yanayomfurikia usiku huzuiwa na kitu kinachomlisha mchana. Angetia sahihi, huenda angelala pakavu na kuamka bila kazi. Asipotia, angeendelea kuuza hadi Aprili nyingine. Wale wanaopenda kuandika barua kwa wahariri wakisema vibanda vibomolewe ili jiji lipendeze wangefaa kuketi na lile bati la majani ya chai kwa muda wa nusu saa. Nao wale wanaosema mwananchi wa chini asiguswe kamwe ningewaomba walale katika chumba cha mwisho usiku mmoja wa mvua.

Tulijadiliana majuma mawili. Mikutano ilifanyika nyuma ya duka la dawa jioni, wenye vibanda wakiwa upande mmoja na wapangaji upande wa pili, ingawa wengine kama yeye hawakujua wakae upande gani. Mfundi wa simu alikuwa mkali kuliko wote. Alisema tangu azaliwe hajaona barua ya wenye nyumba iliyomsaidia mwenye kibanda. Mwenye duka la dawa, ambaye tulidhani angependa mlango wake uonekane, ndiye aliyesema tuongeze aya. Aya yenyewe iliandikwa na mama mboga kwa mkono wake: kwamba mtaro uzibuliwe na kalvati ibadilishwe, na kwamba vibanda saba vilivyo juu yake vionyeshwe mahali pengine barabara hiyo hiyo kabla ya kuondolewa, kwa kuwa wenyewe ni walipa ada na risiti wanazo. Ndipo akatia sahihi. Mfundi wa simu alitia siku iliyofuata. Wawili hawakutia hadi leo, nami siwalaumu.

Ombi lilipokewa likiwa na sahihi 61, likagongwa muhuri mbele yangu. Niliiweka nakala yetu katika jalada la plastiki. Kwa muda mrefu hakukuwa na neno. Tukaandika tena, mara hii tukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, tukauliza swali moja tu: je, mtaro huu umo kwenye mpango? Jibu lilikuja siku ya ishirini. Lilikuwa na mistari minne. Mtaro umo, kwa "kusafishwa". Kalvati haikutajwa, wala vibanda.

Basi wakaja, asubuhi moja ya kiangazi, lori na watu kumi na wanne. Mzee wa reli alitoa kiti akaketi kuwatazama kutwa nzima kana kwamba ni harusi. Walifanya kazi nzuri, sitawanyima sifa. Mama mboga na wenzake wanne walivuta vibanda vyao nyuma wenyewe, kwa kusaidiwa na vijana wa boda boda, wakavibana ukutani mwa duka la dawa kwa idhini ya mwenyewe, na mbao zikainuliwa. Chini yake tulikuta udongo wa kimo cha kiuno, na ndani yake, pamoja na mambo mengine, sahani ya saa ya ukutani na bango la kampeni za 2013. Kwa siku mbili walishuka hadi karibu na kalvati, wakasimama pale, kwa kuwa bomba halikuwa kwenye karatasi yao.

Udongo waliouzoa waliurundika kando ya mtaro, upande wetu wote, ukauke. Lori la kuubeba lingefuata. Ni majuma sita sasa. Nimekwenda kuuliza, nikaambiwa kwamba ulipokuwa ndani ulikuwa mtaro, lakini kwa kuwa sasa uko nje, hiyo ni taka, niende ofisi ya pili kushoto. Watoto wameugeuza mlima wa kuteleza na upande mmoja umeanza kurudi ulikotoka. Tumeandika barua nyingine, kalvati ikitajwa mwanzoni kabisa, ili iwahi Septemba. Mama mboga alikuwa wa kwanza kutia sahihi, hata kabla yangu. Halafu akamwita fundi, akaongeza matofali mawili kwenye kizingiti cha mlango wake. Mtoto mdogo sasa inabidi ainuliwe ili aingie ndani.